Dizaini inang'aa kwenye skrini, ukieksipoti inatoka chenga: anza kutafuta hapa

Mwezi uliopita ustadhi mmoja wa madrasa hapa Ngamiani kaja na bango la maulidi kalikunja mkononi, kalifungua mezani, kaweka kidole pale chini kwenye namba ya simu, kaniuliza, "Mwanangu, hii ya mwisho ni 8 au 6?" Nikainama nikaangalia, na wallahi hata mimi niliyeiandika nilishindwa kusema. Kwenye kompyuta ile namba ilikuwa inasomeka vizuri kabisa. Kwenye karatasi imezungukwa na vidoa vidoa, tundu la juu la 8 limeziba, na zile herufi nyekundu za juu zimechuja pembeni utadhani zimelowa. Na watu walishachangishana hela ya kuprinti, hapo ndo panapouma.

Basi naandika hii kwa yeyote anayedizaini makadi ya harusi, mabango, bena za msiba, logo za duka, halafu kazi inatoka chenga na hajui kosa limeingilia wapi. Maana chenga haina sababu moja, na watu wengi wanakimbilia kubadilisha programu wakati programu haina kosa.

Kabla hujamlaumu fundi wa printa, fungua ile faili uliyoieksipoti, yaani ile uliyoitoa kwenye programu ili uitume au uiprinti, sio dizaini yenyewe, uiangalie kwa asilimia 100. Kwenye Photoshop ni Ctrl na 1. Usiizumu mpaka 400 halafu ukasema imeharibika, picha yoyote ya pikseli (vile vidoti vidogo vya rangi) ukiizumu hivyo utaona vijiboksi, ila kwenye Illustrator na CorelDRAW dizaini ni vekta, yaani mistari inayochorwa kwa hesabu sio kwa vidoti, unazumu mpaka uchoke na bado iko laini, ndo maana watu wanadanganyika wakilinganisha. Na ukitazama kwa asilimia 66 au 33 nayo inakudanganya upande mwingine, mistari inaonekana ina meno kumbe haina. Laptop nyingi pia zinakuja zimewekwa skeli ya 125 au 150 kwenye Windows, hiyo peke yake inaweza kufanya picha ionekane na ukungu kidogo. Sasa kama kwa asilimia 100 faili iko safi, kosa liko mbele, kwenye kutuma au kwenye saizi ya kuprinti. Kama tayari ni chenga, rudi nyuma kwenye eksipoti na vitu ulivyoviweka ndani.

La ustadhi lilikuwa la saizi. Lile bango nililitengeneza upana wa pikseli 1080 kwa ajili ya statasi, baadae wakaamua waliprinti A3, na mimi nikatuma faili ile ile. A3 ina upana wa sentimita 29.7, ambazo ni karibu inchi 11.7, gawanya 1080 kwa hiyo unapata pikseli 92 kwa kila inchi, wakati kitu cha kushika mkononi na kusoma kwa karibu kinataka 300. Hizo 1080 kwa 300 zinatosha kitu cha upana wa sentimita 9 tu, yaani kijikadi. Hesabu yenyewe rahisi, chukua sentimita gawa kwa 2.54 zidisha kwa 300. A5 inakuja 1748 kwa 2480, A4 ni 2480 kwa 3508. Bena kubwa ya barabarani haihitaji 300 kwa sababu hakuna anayeisoma pua imegusa, 100 inatosha, bena ya mita 2 kwa 1 itataka kama pikseli 7874 kwa 3937.

Na tafadhali sana usichukue faili ya pikseli 72 kwa inchi ukaandika 300 kwenye kile kiboksi cha Photoshop ukadhani umetibu. Ukiacha risampo (kile kiboksi cha Resample) imewashwa, programu inabuni pikseli kwa kukisia, picha inakuwa kubwa na nzito lakini ukungu uko pale pale. Saizi inaamuliwa kabla hujachora mstari wa kwanza, kwa hiyo muulize mteja mapema kama itaishia kwenye simu au kwenye karatasi, na akijibu "zote mbili" tengeneza ya karatasi kwanza, kupunguza hakuna shida, kuongeza ndo shida.

Kwenye kueksipoti, kila programu ina mtego wake. Inkscape ukiiacha ilivyo inatoa PNG kwa 96, A4 yako inatoka 794 kwa 1123, ni ndogo mno, andika 300 mwenyewe kila mara. Illustrator ukitoa JPG inakuuliza resolusheni, ile ya skrini ni 72, chagua ya 300. Halafu kuna hii ambayo wengi hawaijui: kama herufi zimetoka safi ila vivuli na mng'ao ndo vina vijiboksi, nenda menyu ya Effect, ufungue Document Raster Effects Settings, utakuta imekaa 72 kwa sababu ulifungua dokumenti ya mtandaoni, ipandishe 300. Mimi hiyo ilinisumbua miezi.

Aina ya faili nayo ina lake. JPG inapunguza uzito kwa kutupa taarifa, na rangi ndo inazitupa zaidi, kwa hiyo herufi nyekundu juu ya kijani au bluu zinachuja pembeni kuliko nyeusi juu ya nyeupe. Tena kila ukiifungua ukaihariri na kuisevu upya inatupa nyingine. Picha za watu sawa, JPG yenye kwaliti ya juu inafaa. Logo, maandishi, na rangi bapa, tumia PNG. Na kama inaenda kuprintiwa mpe fundi PDF, humo herufi zinabaki vekta, hata 8 ya ukubwa wa punje ya mchele inasomeka. Rangi ikipooza kwenye karatasi hiyo sio chenga, ni mambo ya RGB na CMYK, yaani rangi za skrini na rangi za wino wa printa, usichanganye.

Kuna kazi nyingine inaharibika kabla hata hujaigusa. Mteja anakutumia logo aliyoipiga skrinishoti kwenye statasi ya mtu, hapo hakuna eksipoti itakayokuokoa. Mwambie kwa upole, "mama, naomba ile faili uliyopewa na aliyeitengeneza", ikikosekana ichore upya kwa vekta, ni saa moja ya kazi na utaitumia miaka.

Halafu WhatsApp. Ukituma kama picha inaibana, hata ukichagua ile HD bado inapunguza. Bonyeza alama ya kuambatanisha, chagua dokumenti, ndo utume. Nimeshaona faili nzima nzima inafika kwa fundi imebaki kivuli kwa sababu hii tu.

Kwa bango la ustadhi nililipanga upya kwa A3, 3508 kwa 4961, nikatoa PDF. Kabla fundi hajaprinti zote nikakata kile kipande cha chini chenye namba ya simu, nikakiprinti kwenye A4 kwa saizi yake halisi bila kuruhusu printa ikifanye kijae karatasi, nikakibandika ukutani, nikamwomba ustadhi arudi hatua tatu. Akavaa miwani, akaisoma namba yote mpaka mwisho, 8.