Kabla Hujalipia "Bloki ya Resi" Malindi: Mambo ya Kuzingatia

Kila bloki (mwili wa injini wenye silinda) ya Subaru inayouzwa hapa Malindi ina hadithi ya rali. Utaambiwa imetolewa kwenye gari la Safari Rally, fundi mkubwa wa Mombasa aliifungua kwa mikono yake, na kuna mtu wa Watamu anaitaka leo jioni. Huenda hadithi ni kweli na bado bloki ikawa ya kawaida kabisa. Magari ya rali ya Kundi A, kama Toyota Celica aliyoshindia Ian Duncan Safari ya mwaka 1994, yalibanwa na sheria: kampuni ilitakiwa kwanza iunde magari 5,000 ya aina hiyo ndani ya miezi 12, idadi iliyoshushwa baadaye hadi 2,500, na gari la mashindano lilitokana na hayohayo. Kwa hiyo usilipie rali. Lipia chuma unachokiona na vipimo unavyovisoma mwenyewe.

Kabla hujatoka nyumbani, jua ni bloki gani hasa unaifuata na alama yake iko wapi. Ukitafuta injini ya RB26 ya Nissan Skyline GT-R, bloki ya kawaida ina alama 05U pembeni, na ile nzito ya N1, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano, ina 24U. Hiyo ndiyo tofauti inayobeba pesa, kwa sababu kuta za silinda za N1 ni nene zaidi na zinavumilia kuchongwa, yaani kupanuliwa kwa mashine. Kwa injini ya 4A-GE ya Toyota, hesabu mbavu zilizosimama mgongoni mwa bloki. Za zamani zina tatu, za baadaye saba, na hizi za saba zina kranki yenye shingo za milimita 42 mahali pa 40. Zote mbili ni za kiwandani. Mwenye kukuuzia mbavu saba kwa jina la "resi" anakuuzia bloki nzuri kwa bei ya jina.

Subaru ndiyo yenye kazi, na ndiyo imejaa. Injini yake ya EJ20 haijulikani vizuri mpaka hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, itolewe, basi mkubaliane mapema kwa simu kwamba utaikuta wazi. Ukitazama pale hedi inapokalia, bloki ya kawaida inaonyesha mfereji wa maji ukiizunguka silinda, wazi juu mzima, na silinda imesimama peke yake katikati. Nyingine ina vidaraja vya alumini vinavyoishika silinda kwenye ukuta wa nje. Hizi utazikuta kwenye injini za EJ207 za Subaru STI. Ya tatu imefunikwa juu, imebaki na vitundu vidogo tu vya kupitisha maji. Hii ya tatu ndiyo adimu, na ndiyo wengi wanaapa kwamba ni ya timu ya rali. Lakini EJ20G za mwanzo, aina mojawapo ya EJ20, zilitoka kiwandani hivyohivyo, ndani ya magari ya kuendea kazini. Adimu ni adimu, sibishi, ila bei ya kitu adimu si bei ya kitu kilichokimbia.

Beba tochi, brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo, kitambaa, chaki, rula ya chuma iliyonyooka na vipimo vya bapa, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Muuzaji akikukaribisha kahawa, kunywa, lakini brashi usiiache kwenye gari. Bloki iliyopakwa rangi mpya ya fedha isugue kwanza pale penye alama. Namba ya kalibu, iliyomiminwa pamoja na bloki, huwa imeinuka, na ngozi yake ina chembechembe zilezile za mchanga zilizoko kwenye ukuta wa bloki. Namba ya kugongwa imezama. Pitisha chaki juu yake, ufute kwa kidole, halafu mulika tochi kwa ubavu: tarakimu zitabaki nyeupe, na kama mtu alisaga namba ya kwanza akagonga nyingine, utaona bonde dogo lenye mikwaruzo isiyofuata mistari ya mashine ya kiwandani. Piga picha hapohapo.

Sasa vipimo. Silinda ya EJ20 ni milimita 92, ya RB26 ni 86. Ikisoma nusu milimita zaidi, imeshachongwa, na unene uliokuwa unaulipia umepungua. Fundi wa kuchonga bloki ana kipimo cha ndani ya silinda. Mlipe akupimie juu, kati na chini.

Huku pwani kuna jambo ambalo mnunuzi wa Nairobi halifikirii. Gari lililotiwa maji ya kisima kwenye rejeta, tena kisima cha karibu na bahari, linaliwa kutoka ndani. Kwenye bloki ya alumini tazama kingo za njia za maji pale gasketi inapokaa. Ukiona vishimo na unga mweupe, weka rula ya chuma juu yake na ujaribu kupenyeza kipimo cha bapa chini. Bloki ya chuma cha kusubu iliyolala uani bila mafuta huota kutu ndani ya silinda, nayo ikishachimba haitoki kwa msasa. Iwe 24U, iwe 05U, itabidi ichongwe.

Mwisho ni karatasi. Injini nyingi za mtumba kutoka Japani hushukia Mombasa, kama kilomita 120 kutoka hapa, kwa hiyo risiti ya aliyeiuza kule si kitu cha ajabu kuombwa. Namba iliyogongwa kwenye bloki ifanane na iliyo kwenye risiti, kwa sababu ukiifunga kwenye gari lako, namba ya injini kwenye logibuku itabidi ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usajili wa magari. Toa arubuni tu, muandikishane kwamba salio utalilipa bloki ikishapimwa shinikizo la maji kwa fundi uliyemchagua wewe.