Namna ya kuhamia taa za LED bila sebule kugeuka duka la dawa

Niseme mapema, mimi LED nazikubali. Balbu ya wati 60, ile ya zamani yenye kiwaya ndani, inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 700 mpaka 800, na LED ya wati 8 au 9 inatoa hizo hizo. Chukua nyumba yenye balbu 6 zinazowaka masaa 5 kila siku, kwa mwezi zile za zamani zinakula uniti 54, LED za wati 9 zinakula 8 na kidogo. Kwa mtu wa TANESCO aliyeko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile isiyotakiwa kuzidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 54 ziishie kwenye taa tu maana yake friji hata usiiwaze. Kwahiyo siji kukwambia urudi kwenye balbu za moto nyumba nzima. Ila kuna vitu tumevipoteza kwenye huku kuhama na vingi wala hatukutakiwa kuvipoteza, ni vile tukifika dukani tunauliza wati ngapi na shingapi, basi tunaondoka.

Anza na rangi. Geuza boksi utafute namba inayoishia na K. Moto wa chemli uko kwenye 1900K hivi, balbu ya zamani ni 2700K, na zile LED zilizojaa madukani kwetu nyingi ni 6500K. Namba ikishuka mwanga unakua wa njano, ikipanda unakua mweupe mpaka unaelekea bluu. Sebuleni, vyumbani na mezani pa chakula chukua 2700K au 3000K, mwambie muuzaji unataka wom, yani ya njano, akikuletea dei laiti, ile nyeupe ya 6500K, mrudishie hata akikusisitizia kwamba hii ndo inawaka zaidi, maana ukali wa mwanga unausoma kwenye lumeni, K inakwambia rangi tu. Jikoni na kwenye meza ya mtoto kusomea 4000K iko vizuri. Hiyo 6500K peleka stoo, gereji au karakana. Chumbani kwa watoto ndo usiiweke kabisa, mwanga wenye bluu nyingi usiku unachelewesha usingizi alafu tunawalaumu hawataki kulala.

Kuna namba nyingine inaitwa CRI au Ra, hii wauzaji wengi hata hawajawahi kuulizwa. Inapima kama rangi za vitu zinaonekana zilivyo, balbu ya zamani ilikua na 100, LED nyingi za kawaida zipo 80 na za bei chee zinashuka chini ya hapo. LED nyeupe kwa asili yake ni chipu ya bluu iliyofunikwa na unga wa njano, bluu yenyewe ilisumbua watu miaka na miaka mpaka Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wakaipatia na wakapewa Nobeli ya fizikia 2014, sasa kwenye huo mchanganyiko rangi nyekundu ndo huwa inapungukiwa. Ukitaka kuona ninachosema weka samaki wa kupaka na kachumbari chini ya LED ya bei ya chini kabisa. Nyanya zinapauka, tui linakua la kijivu, samaki mzuri wa leo utadhani kalala. Mama kapika vizuri ila taa imemuangusha. Kwa meza ya chakula na kioo cha kuvalia tafuta 90 kwenda juu, ipo, unaongeza hela kidogo, na kwa maoni yangu hapo ndo mahali pekee pa kutobana bajeti.

Kabla hujalipa mwambie awashe, alafu fungua kamera ya simu uisogeze karibu na taa. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye skrini hiyo taa inacheza, yani inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kufuata umeme wetu wa 50Hz, kwasababu ndani wamebana kapasita, kile kifaa cha kutuliza umeme. Jicho halioni ila kuna watu kichwa kinawauma wakikaa chini yake na hawajui shida ni nini. Na angalia kitako pia, kuna holda za pini ambazo ni B22 na za skrubu ambazo ni E27, usije ukafika nyumbani ukaanza kuhangaika na adapta.

Sasa kwenye tyubu laiti nakaa kidogo maana hapa watu wanapigwa shoti. Tyubu ya futi 4 ya zamani ni wati 36 lakini ukijumlisha na choki, kile kidude kizito kinachofungwa ndani ya fremu yake, inavuta kama 45. Tyubu ya LED ya urefu huo ni wati 18 hivi. Kuna njia mbili. Ya kwanza unatoa stata ya zamani, kale kakopo kadogo ka kuiwashia tyubu, unaweka ile stata ya LED inayokuja kwenye boksi, choki inabaki, hauhitaji kugusa waya, ila hakikisha tyubu yako inakubali choki maana sio zote. Ya pili ndo mi naipenda, unatoa choki na stata kabisa na kupeleka umeme moja kwa moja. Zima meni swichi, sio swichi ya ukutani tu, pima na testa, kisha soma mchoro uliobandikwa kwenye tyubu yenyewe. Nyingine zinataka laivu (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudisha umeme) upande mmoja, nyingine laivu upande huu na nyutro upande ule, ukichanganya utaunguza au utaleta shoti. Ukimaliza chukua maka peni uandike ndani ya fremu kwamba humu hamna choki, LED tu, kwasababu siku moja mtu mwingine atakuja na tyubu ya zamani aichomeke bila kujua. Kama hujawahi kushika waya muite fundi, hii sio ya kujifunzia ukiwa juu ya stuli.

Umebadilisha, umezima swichi, taa bado ina kamwanga hafifu usiku? Wengi wanasema LED mbovu. Mara nyingi ni swichi yenye kale kataa kadogo kekundu, inapitisha umeme kidogo sana ambao balbu ya zamani isingeusikia ila LED inausikia. Sababu nyingine ni mbaya zaidi, fundi aliyefunga nyumba alikata nyutro kwenye swichi badala ya laivu, kwahiyo holda ina moto hata ukizima. Hiyo hatari ilikuwepo miaka yote, ila balbu za zamani zilikua zinaificha. Irekebishwe haraka.

Alafu lile kopo la kioo lililofungwa kote, la varandani au bafuni. LED haipendi joto, na sehemu inayokufa kwanza mara nyingi ni ile saketi ya kwenye kitako, chipu zenyewe zinakua bado nzima. Boksi linasema masaa 25,000 lakini kwenye kopo lisilo na hewa usiyategemee. Weka wati ndogo au tafuta iliyoandikwa inaruhusiwa kwenye taa za kufungwa. Hapa ndo roho inaniuma kweli, balbu ya zamani ilikua kioo, kiwaya na bati kidogo, ikiungua umetupa kitu cha kueleweka. Hizi ukiifungua unakuta chipu zimeunganishwa mfululizo na moja tu ina kidoti cheusi, hiyo moja imezima zote. Mafundi wetu wanairuka kwa risasi ya kuchomelea na inawaka tena, ingawa huwa haidumu sana.

Taa za nakshi za shaba, shandelia na zile holda za kioo ulizorithi usizing'oe. Zipo LED za kioo kinachoonyesha ndani zenye vijiti vya njano ndani, 2200K mpaka 2700K, zinakaa humo vizuri na taa inabaki na sura yake. Kama kuna dimma ya zamani ukutani, ile swichi ya kupunguza mwanga, balbu iwe imeandikwa inakubali kupunguzwa na dimma yenyewe iwe ya LED, la sivyo itaunguruma au kupepesa. Nje ya nyumba nako weka ya njano, kumbikumbi na wadudu wengine wanavutwa sana na mwanga wenye bluu, na kwenye msimu wa mvua utaona tofauti asubuhi unapofagia baraza.

Kuna kazi ambazo LED haiziwezi na watu wanapata hasara kwa kutojua. Ya kwanza vifaranga. Ile balbu ya wati 100 kwenye bruda, yani banda la kulelea vifaranga, haikuwekwa kwa ajili ya mwanga, zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake inatoka kama joto, na kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 mpaka 35, unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Ukiweka LED ili kuokoa umeme utakuta wamelundikana kona moja, wa chini wamekufa kwa kukandamizwa. Tunza balbu zako za moto kwa ajili hiyo, au nunua taa ya infraredi, au tumia jiko la mkaa na chungu huku ukiacha hewa ipite maana moshi usioonekana unaua kuku na watu. Mashine za kutotolesha za kujitengenezea zenye balbu nazo hivohivo. Ya pili ni mafundi redio, balbu ya wati 100 iliyoungwa siries, yani umeme unapitia kwenye balbu ndo ufike kwenye mashine, inakuonyesha kama amplifaya ina shoti kabla haijaungua, ukiweka LED hapo haikusaidii chochote. Kwahiyo ukisafisha stoo ukakuta balbu za zamani nzima, mpe mfugaji au fundi wa mtaani.

Tyubu za zamani, sio za LED, na zile balbu za kujiviringisha zenyewe zina zebaki ndani, kidogo ila ipo, na mwaka 2023 kule Geneva nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana utengenezaji wa tyubu hizo uishe ifikapo mwisho wa 2027. Ikivunjika ndani toa watoto, fungua madirisha, subiri kama robo saa, alafu okota vipande kwa karatasi ngumu na vumbi kwa selotepu, usifagie. Tia kwenye chupa yenye mfuniko. Nzima usimpe mtoto achezee, na usizitupe pamoja na taka za jikoni.

LED mpya, kabla hujaipandisha, andika tarehe kwenye kitako na uweke risiti kwenye boksi lake, maana nyingi zina waranti ya mwaka mmoja au miwili na dukani bila hivyo viwili hawakusikilizi.