Jinsi ya Kuishi Wawili Katika Mashua Kuukuu ya Tanga Kwenye Ghuba ya Winam

Mke na mume wanaotaka kuhama nyumba ya kupanga mjini Kisumu na kuhamia katika mashua kuukuu ya mbao huyahofia maji ya ziwa kuliko yanavyostahili, na huidharau mvua kuliko inavyostahili. Ziwa Victoria halina chumvi, kwa hiyo hakuna mnyoo wa baharini anayetoboa majahazi ya Lamu na Mombasa. Lakini chumvi hiyo hiyo ndiyo inayozuia kuvu wa kuozesha mbao, na huku haipo. Ubao uliozama daima hauozi upesi, kwa kuwa kuvu huhitaji hewa pamoja na unyevu. Unaooza ni ule unaolowa mvua na kukauka nusunusu: kingo za sitaha, mahali mlingoti unapopenya, na chini ya vidirisha.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, pitieni sehemu hizo kwa nyundo ndogo na bisibisi. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu unapogongwa, nao uliooza hutoa sauti nzito na kuiruhusu ncha ya bisibisi kuzama. Rangi mpya inayong'aa kwenye mashua ya zamani isiwafurahishe; mara nyingi imepakwa ili kuficha jambo.

Mkishahamia, kila asubuhi isiyo na mvua fungueni vidirisha na vifuniko vyote, inueni mbao za sakafu na kuacha upepo upite hadi kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, kisha pimeni kina cha maji yaliyokusanyika humo na kukiandika katika daftari kabla ya kuyapiga pampu. Baharini mtu huonja maji hayo kwa ncha ya ulimi akajua kama ni ya mvua au yamevuja kutoka nje, ila hapa ladha haisaidii, na daftari ndilo linalotoa jibu: maji yakiongezeka baada ya usiku mkavu, mshono fulani kati ya mbao, chini ya usawa wa maji, umelegea na unahitaji kukalafatiwa, yaani kuzibwa, upya, lakini yakiongezeka baada ya mvua pekee, tafuteni ufa kwenye sitaha.

Kazi nzito zifanywe asubuhi. Alasiri upepo wa ziwani huvuma kutoka magharibi kuelekea Kisumu, nayo mawimbi ya ghuba, kwa kuwa kina chake ni kifupi, huwa mafupi na makali, na jioni za msimu wa mvua huweza kuleta radi. Kamba ya nanga iwe na urefu wa takriban mara 7 ya kimo cha kutoka sakafu ya ziwa hadi omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua. Penye kina cha mita 4, na omo ikiwa mita 1 juu ya maji, toeni mita 35. Upepo huo huo huyasukuma magugu maji hadi upande wa mji, na kundi kubwa likiegemea mashua laweza kuiburuta pamoja na nanga yake. Mkiliona likija, ondokeni mapema, mkiiacha kamba imefungwa kwenye boya, kwa sababu magugu yakishaizunguka rafadha, yaani pangaboi linalosukuma mashua, injini haitawafaa kitu, na mtabaki kuyakata kwa panga.

Maji ya kuoga na kuosha vyombo yatekwe mbali na ufuo wenye majani, wanakoishi konokono wa kichocho, kisha yakae ndani ya pipa lenye kifuniko kwa siku 2, muda ambao vijidudu vinavyopenya ngozi huwa vimekufa. Ya kunywa yachemshwe. Haja kubwa iingie kwenye ndoo yenye vumbi la mbao na ipelekwe nchi kavu, kwani wapo majirani wa Dunga na kwingineko wanaoyatumia maji ya ziwa hili.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka na kutuama ndani ya ngama, ikingoja cheche. Wekeni mtungi juu ya sitaha, katika sanduku lenye tundu la kutolea gesi nje ya mashua, na mfunge vali ya mtungi wenyewe kila ngege au omena zinapoiva. Jiko la makaa lisiingizwe kabisa chumbani, hata usiku wa baridi. Hewa yake huua watu wakiwa wamelala.

Katika kugawana kazi, nashauri msifuate desturi ya mmoja kuwa nahodha na mwenzake mpishi wa kudumu. Badilishaneni kila juma, mpaka kila mmoja aweze peke yake kutweka na kutua tanga, kuwasha injini, kung'oa nanga na kumpandisha mwenzake kutoka majini. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa maana mtu aliyelowa ni mzito na ubavu wa mashua ni mrefu: fungeni ngazi ya kudumu kwenye tezi, yaani nyuma ya mashua, yenye vidato vinavyozama majini angalau viwili, na mlifanyie mazoezi mchana kweupe, ziwa likiwa limetulia, nyote mkiwa mmevaa jaketi za kuokoa maisha.