Kuomba usajili wa uuguzi Uingereza: maswali 15 ya hesabu za dawa yaliyonirudisha nyuma

Muuguzi wa Tanzania anayetaka kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, ambalo wengi wetu tunalijua kwa kifupi chake NMC, hupita hatua nyingi, na karibu zote zinataka subira, nauli na skana inayofanya kazi. Hatua iliyonikwamisha mimi ni ile ambayo sikuiandalia hata jioni moja, yaani maswali 15 ya hesabu za dawa. Nilikuwa nimekaa wodi ya watoto miaka tisa, nikaona ni kujidhalilisha kukaa mezani na penseli kujifunza kugawanya. Kiburi hicho kilinigharimu pauni 50 na mwezi mzima.

Hatua za mwanzo nitazipita haraka. Fungua akaunti katika tovuti ya NMC, lipa pauni 140 za kutathmini maombi, kisha andaa leseni yako, uthibitisho wa usajili kutoka baraza la nyumbani, cheti cha polisi cha tabia njema na matokeo ya Kiingereza. Kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS wanataka 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Ada ninazotaja ni zile nilizolipa mimi, kwa hiyo zitazame tena kwenye tovuti kabla ya kuhamisha fedha. Jambo la wakala nalo linahitaji sentensi moja: kwa kuwa Tanzania imo katika orodha ya WHO ya mwaka 2023 ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kutafuta wauguzi huku, ingawa muuguzi mwenyewe hazuiwi kuomba kwa mkono wake, na anayekuambia kwamba bila yeye fomu haipiti anatafuta ada ya shule ya watoto wake.

Baada ya hapo unapanga mtihani wa kompyuta, ambao ada yake ni pauni 83. Tangu Agosti 2021 mtihani huu una sehemu mbili. Sehemu A ni hesabu, maswali 15 kwa dakika 30, nayo majibu unayaandika mwenyewe, hakuna herufi nne za kubahatisha. Sehemu B ni ya kitaaluma, maswali 100 ya kuchagua kwa saa mbili na nusu. Unapojaza jina, nakili pasipoti neno kwa neno, pamoja na jina la babu kama limo. Dada mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliandika majina mawili wakati pasipoti yake ina matatu, na mhudumu wa mapokezi, kijana mpole kabisa, alimrudisha nyumbani kwa upole uleule.

Chumba chenyewe kina taratibu zake. Mifuko inatolewa nje, mikono ya shati inapandishwa, miwani inakaguliwa kama inayo waya, saa ya mkononi inabaki kabatini. Unapewa kibao cha kufutika na kalamu. Mimi kibao changu nilikiacha kitupu kama nilivyokipokea, kwa sababu hesabu za wodini nimezoea kuzifanya kichwani huku nikitembea.

Maswali ya mtihani hayaruhusiwi kusimuliwa, kwa hiyo mifano yote iliyomo humu nimeitunga, ila aina ya kosa ni ileile. Chukua agizo la lita moja ya maji ya chumvi kwa saa 8. Muuguzi aliyekulia kwenye wodi zetu akisoma maneno hayo, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye matone: mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita, basi 1000 mara 20 gawanya kwa dakika 480 unapata 41.67, nawe unasimama kando ya kitanda na saa, unakaza gurudumu hadi yahesabike matone 42 kwa dakika. Hesabu hiyo haina kosa lolote. Lakini swali likiwa limesema kwamba mgonjwa yuko kwenye mashine ya dripu, linalotakiwa ni mililita kwa saa, na jibu ni 125. Mimi niliandika matone. Niliandika matone zaidi ya mara moja, kwa kasi na kwa kujiamini, nikamaliza dakika tisa kabla ya muda na kuwasikitikia waliokuwa bado wanaandika. Nilishtuka nikiwa kwenye daladala, nimesimama, mkono kwenye bomba. Karatasi ya matokeo ilipokuja haikuniambia ni swali gani nililokosa, lakini nilikuwa sihitaji kuambiwa.

Kwa hiyo utaratibu ninaowashauri wenzangu unaanza kabla ya namba yoyote. Soma sentensi ya mwisho ya swali kwanza, kisha andika kwenye kibao kizio kinachotakiwa katika jibu: mililita, mililita kwa saa, matone kwa dakika, vidonge, mikrogramu. Kizio kikae upande wa kulia, na nafasi ya namba ibaki wazi. Baada ya hapo ndipo urudi juu kusoma habari za mgonjwa, ambazo mara nyingine zina namba zaidi ya zile unazohitaji.

Hatua ya pili ni kugeuza vizio vifanane kabla ya kugawanya. Digoksini, dawa ya moyo, imeandikwa miligramu 0.125 na vidonge vilivyopo ni vya mikrogramu 62.5. Miligramu moja ni mikrogramu 1000, kwa hiyo agizo ni mikrogramu 125, ambavyo ni vidonge viwili. Anayegawanya 0.125 kwa 62.5 kama zilivyo atapata 0.002, na ajabu ni kwamba mtu aliyechoka huweza kuiandika namba hiyo bila kujiuliza kidonge kinakatwaje mara mia tano. Waingereza wanasisitiza mikrogramu iandikwe kwa neno zima, na yuniti za insulini vilevile, kwa sababu herufi U iliyoandikwa haraka baada ya 10 imeshasomwa kama sifuri, na 10 ikawa 100. Wanataka pia sifuri mbele ya nukta, yaani 0.5 na kamwe isiwe .5, na hawataki sifuri ya ziada nyuma yake, kwa kuwa 5.0 ambayo nukta yake imefifia husomeka 50. Mazoea haya yaanze nyumbani, kwenye daftari la mazoezi.

Hatua ya tatu ni kukisia. Hesabu yenyewe sote tunaijua: kinachotakiwa, gawanya kwa kilichopo, zidisha kwa ujazo. Mtoto wa kilo 14 anapewa parasetamoli ya miligramu 15 kwa kilo, sawa na miligramu 210, na chupa ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Kabla ya kugusa kikokotoo, jiambie hivi: mililita 10 zina 240, kwa hiyo jibu langu ni pungufu kidogo ya 10. Ukipata 8.75, endelea. Ukipata 2.86 umegawanya kinyume, na ukipata 87.5 nukta imehama. Makisio hayo huchukua sekunde tano, na dakika mbili ulizopewa kwa kila swali zinatosha. Huku kwetu tumeyasahau kwa sababu nzuri tu: chati ya uzito na dozi imebandikwa ukutani juu ya meza ya dawa, imefunikwa kwa nailoni, na kidole kinateremka kwenye kilo hadi kwenye mililita bila kupitia kichwani. Chati ile imeokoa watoto wengi, nami sitaki iondolewe, ila kwenye chumba cha mtihani ukuta ni mweupe.

Kukadiria, yaani kufupisha desimali za jibu, nako kuna mahali pake, napo ni mwisho. Tuseme dawa ina miligramu 100 katika mililita 3, nawe umeamua kwamba kila mililita ina miligramu 33 kwa sababu 33.3 inachosha. Agizo la miligramu 250 litakupa 7.6, wakati jibu sahihi ni 7.5. Acha desimali zote ziende hadi hatua ya mwisho, kisha kadiria kama swali lilivyoagiza: matone kwa kawaida ni namba nzima, kwa sababu nusu tone halihesabiki, na mililita za sirinji hufuata desimali iliyotajwa.

Dawa zinazoandikwa kwa asilimia au uwiano zimewahi kuwababaisha hata wakongwe. Asilimia 1 ni gramu 1 katika mililita 100, kwa hiyo lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Adrenalini ya 1:1000 ina miligramu 1 kwa mililita, na ile ya 1:10,000 ina miligramu 1 katika mililita 10. Hizi zikariri, maana kuzitafuta upya huku saa ya skrini inateremka ni kujitesa. Mazoezi ya dripu yafanye kwa njia mbili kila mara, matone na mililita kwa saa, hadi macho yazoee kutofautisha. Kwa mpira wa matone 20, mililita kwa saa ukizigawanya kwa 3 unapata matone kwa dakika, na kwa ule wa watoto wa matone 60, namba hizo mbili zinalingana, jambo ambalo ndilo lililonifundisha uzembe nilipokuwa wodi ya watoto.

Ukikosa sehemu moja, unarudia hiyo tu, ambayo kwa hesabu ni pauni 50, na lazima zipite siku 10. Mimi nilisubiri mwezi kwa sababu nafasi ya karibu ilikuwa hiyo. Mara ya pili kijana wa mapokezi alinikumbuka, akaniuliza kama nimekuja na majina yote. Nilipoketi nilijaza kibao kabla ya swali la kwanza: gramu, miligramu na mikrogramu kwa mshale wa elfu, na chini yake neno SAA limezungushiwa duara. Nilitumia dakika 27 kati ya 30.

Ukishafaulu sehemu zote mbili na nyaraka zikakubaliwa, unabaki mtihani wa vitendo, ambao hufanyiwa Uingereza tu, una vituo 10 na ada yake ni pauni 794. Usajili wenyewe ni pauni 153 zaidi. Kimojawapo cha vituo hivyo ni cha kumpa mgonjwa dawa, na namba zake ni nyepesi kuliko hizi. Humo mtahini anatazama kama umethibitisha jina la mgonjwa na tarehe yake ya kuzaliwa, na kama umemuuliza kuhusu mzio kabla mkono haujagusa chupa, kwa hiyo yafanyie mazoezi kwa sauti, hata kama anayekusikiliza ni mdogo wako aliyelala kwenye kochi akijifanya mgonjwa.