Jinsi ya kuonja saida za shambani za Ufaransa bila kumwaga chupa nzima

Huu mwongozo wa saida, yaani pombe ya juisi ya matufaha iliyochachushwa, nimeuandika kwa ajili ya kijana wa Tanga aliyeajiriwa kwenye mgahawa wa galette, zile chapati nyembamba za Brittany, hapa Rennes, mji wa Brittany, magharibi mwa Ufaransa. Wateja wanamuuliza saida ipi ni kavu, yaani isiyo tamu, ipi ina uchungu, ipi inaendana na soseji, naye hadi juzi alikuwa anajua soda na bia tu. Chupa ya kwanza niliyomfungulia aliinusa mara moja akaisukuma pembeni: "Kaka, hii imeoza." Haikuwa imeoza, ndiyo maana hatua ya tano hapa chini ni ndefu kuliko zote. Asiyekunywa pombe afuate hadi hapo kwenye hatua ya tano. Kwa kazi ya mgahawani, pua inatosha kwa sehemu kubwa.

Hatua ya 1: Chagua chupa tatu

Soma maandishi ya lebo, picha ya tufaha isikushughulishe. Neno *fermier* maana yake matufaha ni ya shamba la mtengenezaji na saida imetengenezwa hapohapo. *Pur jus* ni juisi tupu, si juisi iliyokolezwa kiwandani kisha ikarudishiwa maji. Chupa isiyo na hata moja kati ya hayo mawili iache kwenye rafu, hata kama ni ya bei rahisi, kwa sababu humo hamna cha kujifunza.

Kisha tazama inatoka wapi. Pays d'Auge, upande wa Normandy, mkoa jirani na Brittany, na Cornouaille, kusini-magharibi mwa Brittany karibu na Quimper, zililindwa kisheria majina yao mwaka 1996. Baadaye zikafuata Cotentin mwaka 2016 na Perche mwaka 2020. Mimi humwanzisha mtu na hizi: Cornouaille moja, Pays d'Auge moja ya *demi-sec*, yaani yenye utamu wa wastani, na *poiré* moja ya Domfront, huko Normandy. Hiyo ya tatu si ya matufaha, ni ya mapeasi, na sheria yake ya mwaka 2002 inataka angalau asilimia 40 iwe ya aina inayoitwa Plant de Blanc. Inafaa kwa kulinganisha, kwani karibu haina ule ukali wa matufaha ya saida unaokausha mdomo.

*Doux*, yaani tamu kabisa, usinunue kwa ajili ya kujifunza. Sukari inafunika kila kitu, ukimaliza chupa utajua tu kwamba ni tamu.

Kuhusu utamu, wateja wengi wanadhani mkulima ametia sukari. Hapana. Juisi ikishakamuliwa kwenye baridi ya mwishoni mwa mwaka, pektini, ule utomvu wa matufaha unaogandisha jamu, inashikana na kalsiamu, inaganda kama jeli, na mapovu ya mwanzo yanaibeba juu hadi inatanda kama kofia ya kahawia. Wenyewe huiita *chapeau brun*. Mkulima anavuta juisi safi iliyo katikati, kati ya ile kofia na mashapo ya chini. Juisi hiyo imeshapoteza sehemu kubwa ya chakula cha hamira, basi hamira inafanya kazi kwa njaa, polepole, miezi kadhaa, na inachoka kabla ya kumaliza sukari. Ndiyo sababu *doux* haivuki asilimia 3 ya kilevi, na hata *brut*, ile kavu, kwa kawaida iko kwenye 5 hivi. Mkulima akichelewa kuivuta juisi, kofia inavunjika na kuzama, kazi yote inaharibika. Baridi ikikosekana, kofia yenyewe huenda isitokee.

Hatua ya 2: Ipoze

Nyuzi 10 hadi 12. Isimamishe chupa tangu jana yake, usiilaze. Ikitoka kwenye friji ya jikoni, iache mezani kama robo saa, kwa sababu ubaridi wa friji unaua harufu na kukaza ukali.

Hatua ya 3: Fungua na mimina

Fungulia juu ya sinki. Saida nyingi za shambani zinaendelea kuchachuka ndani ya chupa, gesi yake ni ya humohumo, na huwezi kujua kwa macho ipi imezidisha. Shika kizibo kwa kiganja kizima na kitambaa, legeza waya bila kuutoa, zungusha chupa na si kizibo, halafu kiachie kitoke kwa pumzi ndogo. Ukisikia kishindo umeshapoteza glasi moja.

Panga glasi zote kabla. Ukianza kumimina usiinue chupa kuwa wima mpaka glasi zote zimepata, maana kila ukiinua na kuinamisha tena, mashapo yanapanda. Kile kidogo cha mwisho chenye ukungu, yaani kisicho angavu kwa sababu ya mashapo, mimina kwenye glasi yake peke yake, ukionje baadaye. Kina ladha ya mkate na uzito zaidi, na kuna wakulima wanaokipenda kuliko kile kisafi.

Glasi iwe ya mvinyo, ile yenye tumbo na mdomo unaobana. Vile vibakuli vya udongo vya Brittany, *bolée*, ni vizuri mezani na watalii wanavipiga picha, ila harufu yote inapotea hewani. Kwenye kuonja sivitumii.

Hatua ya 4: Tazama

Rangi kuanzia majani makavu hadi chungwa la kuiva, zote ni sawa. Ukungu pia ni sawa. Chunguza kitu kimoja tu: kama imetoka ya dhahabu na baada ya nusu saa imekuwa ya kahawia nzito, hewa imeishika. Inanyweka, lakini isimpelekee mteja.

Hatua ya 5: Nusa, na usihukumu kwa pumzi ya kwanza

Hapa ndipo watu wanapomwaga saida nzima bure, na ndipo wengine wanapokunywa saida iliyoharibika wakiisifia kuwa ni "ya asili". Makosa yote mawili nimeyaona kwa watu wenye vyeti ukutani.

Nusa bila kuzungusha glasi. Zungusha, nusa tena. Iweke chini dakika kumi, fanya shughuli nyingine, rudi. Kama hujarudi mara ya tatu, usiseme kitu.

Harufu ya kwanza inayowashtua wageni ni ya zizi: farasi, ngozi ya kiatu kipya, nyasi kavu zilizolowa. Inatokana na vijidudu vinavyobadilisha tindikali za matufaha machungu, hasa hamira za mwituni za jamii ya Brettanomyces na baadhi ya bakteria. Kemikali moja inatoa harufu ya farasi. Nyingine, inayozaliwa pamoja nayo, inanuka karafuu na moshi. Mtu wa Pemba ataitambua hiyo ya pili kabla ya Mfaransa. Kipimo changu ni hiki: kama chini ya zizi bado unasikia tufaha, iwe tufaha bichi, la kuokwa au lililokauka, saida ni nzima na hiyo ni tabia yake. Kama ni zizi tupu, tufaha halimo kabisa hata baada ya dakika kumi, basi vijidudu vimeshinda. Si sumu, lakini mtengenezaji alilegea.

Ya pili ni yai viza. Hii inatisha zaidi na ndiyo isiyo na maana kubwa. Hamira yenye njaa, kama nilivyoeleza kule juu, hutoa gesi ya salfa. Zungusha glasi kwa nguvu, subiri. Mara nyingi inaondoka. Isipoondoka baada ya robo saa, hapo una haki ya kulalamika.

Ya tatu ni siki. Hii haiondoki kwa kusubiri, inaongezeka. Chembe ya siki inaipa saida uchangamfu na wakulima wengi hawajali. Ikianza kufanana na rangi ya kucha au gundi, hiyo si siki ya kawaida tena, ni kasoro, na hakuna maneno ya "asili" yatakayoisafisha.

Ya nne ni ndizi iliyoiva kupita kiasi, maganda yake hasa, pamoja na ukungu mweupe kama maji ya maziwa na gesi inayofoka. Ukungu wa mashapo unatulia ukiacha glasi, huu hautulii. Ni bakteria wanaopenda saida tamu zenye uchachu mdogo. Mwaga. Hapa sina mjadala.

Ya tano ni tabu kubwa kwa sababu puani haipo. Unanusa, kila kitu kiko sawa, unameza, unasifia, halafu baada ya kama nusu dakika kinywa kinajaa ladha ya kizimba cha panya. Wenyewe husema *goût de souris*. Sababu ni tindikali: ndani ya glasi saida ina uchachu wa kutosha kuzifunga zile kemikali zisipae, lakini mate yako yanapunguza uchachu huo na zinafunguka. Kuna watu ambao hawaisikii kabisa, kwa hiyo wawili mnaweza kunywa chupa moja, mmoja akaipenda na mwingine akakunja uso, na hakuna anayedanganya. Ndiyo maana mhudumu asiyeisikia anahitaji njia nyingine ya kuipima, na ziko mbili. Ya kwanza: dondosha matone mawili nyuma ya mkono, sugua mpaka pakauke, nusa ngozi. Ya pili, ninayoiamini zaidi: toa kijiko kimoja cha saida kwenye glasi ndogo, tia chembe ya baking soda, koroga, nusa. Itafoka kidogo kisha, kama panya yupo, atatokea hapohapo puani. Usiinywe hiyo, na usiifanye mbele ya mteja. Tahadhari: baking soda inaharibu harufu nyingine zote, kwa hiyo usiitumie kuhukumu kitu kingine chochote. Na chupa ikiwa safi inapofunguliwa, panya anaweza kujitokeza kesho yake kwa sababu ya hewa. Kwa hiyo chupa iliyobaki jana ipime upya kabla ya kuimimina.

Yule kijana wangu tulimrudishia glasi yake baada ya dakika kama ishirini. Zizi lilikuwa limerudi nyuma, mbele kuna tufaha la kuokwa na karafuu. Hakusema kitu, alinyoosha tu mkono kwenye glasi.

Hatua ya 6: Weka mdomoni

Tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: uchungu na ukakasi. Uchungu ni ladha, unabaki baada ya kumeza. Ukakasi hauonjwi, unaguswa: ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani, kama umeng'ata bibo. Vyote viwili vinatoka kwenye tanini, kemikali za asili za matufaha ya saida, ambayo ukiyang'ata shambani utayatema. Kermerrien, mojawapo ya matufaha ya Cornouaille, lina uchungu wa wazi. Bisquet na Bedan za Pays d'Auge ni laini zaidi, uchungu wake umefungwa na utamu.

Chukua funda dogo, lizungushe, tema kwenye ndoo. Jiulize tu: ukali uko wapi, ulimini au kwenye mashavu? Onja *poiré* kwanza. Utaona ina uchachu lakini mashavu yametulia. Halafu Cornouaille. Halafu *demi-sec*. Watu wengi wanaanza na ile tamu, na mimi nawakataza, kwani ukishauzoesha ulimi sukari, *brut* inaonekana adhabu.

Kutema si dharau kwa mkulima. Ukizunguka Route du Cidre ya Cambremer, ile njia ya Pays d'Auge inayopita shamba hadi shamba, kama kilomita 40 kwa jumla, unaendesha gari, na kikomo cha Ufaransa ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu.

Mkulima akileta *pommeau*, iwe ya mwisho. Hiyo ni juisi ya matufaha iliyochanganywa na calvados, pombe kali ya matufaha, na kukaa kwenye mapipa ya mwaloni, asilimia 16 hadi 18. Baada yake ulimi haufai tena kwa kazi.

Hatua ya 7: Chakula

*Brut* yenye uchungu na galette ya unga wa sarrasin (nafaka nyeusi ya Brittany), yai na jibini. *Demi-sec* na jibini za Normandy, Camembert au Pont-l'Évêque. Livarot, jibini nyingine ya huko, inanuka zizi kuliko saida yoyote, iweke na ile uliyotaka kuimwaga. *Poiré* inafaa na samaki, na wali wa nazi pia, ingawa hapa Rennes hakuna anayeniamini.

Kilichobaki kwenye chupa kizibe, kiwe kwenye friji, kitumike kesho. Gesi ikiisha, kaanga kitunguu kwa siagi, mimina saida, tia kome, funika mpaka wafunguke. Kome wasiofunguka watupe.