SOMO: "Borrow" na "lend", ya leo ndiyo ya mwisho

Kila wiki swali ni hili hili inboksi: "borrow" na "lend" zina tofauti gani? Nimechoka, nalibandika hapa.

1. Anayechukua: "borrow". Anayetoa: "lend".

2. "Borrow" huenda na "from", "lend" huenda na "to", ila anayepewa akitajwa kwanza, kama "lend me", "to" haihitajiki. Kwa wakati uliopita, "lend" huwa "lent". Hakuna "lended".

3. Hapa ndipo nilipojikwaa, soma polepole. "Azima" yetu inakwenda pande zote mbili: "niazime jembe", wewe ndiye mtoaji, "nimeazima jembe kwa jirani", mimi ndiye mchukuaji. Kiingereza hakina huruma hiyo. Ndiyo maana watu wanasema "borrow me your pen". Mimi nilikosea kwa upande wa pili: niliandika barua benki, "I wish to lend two million shillings from you". Ofisa akaisoma, akainua macho: "Kwa hiyo kaka umekuja kutukopesha?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikaiandika upya palepale, kwa kalamu ya kuazima.
TAHADHARI: ukitaka kuandika, iweke "azima" kando. Jaribu "kopa" na "kopesha", hata kama kitu chenyewe ni jembe. Ikikaa "kopa", ni "borrow". Ikikaa "kopesha", ni "lend". Na ukiona "borrow me", futa.

MASWALI

Bonge la Yombo: Kwa hiyo lend ni kuazima?
— Hatua ya 3.

Bonge la Yombo: Nimeuliza tu mkuu, mbona mkali?
— Hujasoma. Ukisoma, rudi.

Mama Nuru: Samahani mwalimu, azima na kopa si kitu kimoja. Jembe narudisha lile lile, unga narudisha mwingine. Waingereza hawatofautishi?
— Swali zuri, dada. Kwenye "borrow" hawatofautishi: kitabu cha maktaba, pesa, hata kikombe cha sukari ambacho kila mtu anajua hakirudi. Hapo Kiswahili kimewazidi.

Dogo wa Form Two: Kwenye hesabu za kutoa tunasema "kopa moja". Nako ni borrow?
— Ndiyo, "borrow one". Na ile moja hairudishwi, mdogo wangu.

Fundi Salehe: Na kupanga nyumba?
— "Rent" nayo ni kama "azima" yetu, mpangaji na mwenye nyumba wote wanaitumia. Uingereza utaona kibao "To Let", yaani nyumba inapangishwa. Wahuni huongeza "i" katikati, ikawa "Toilet", choo.

Bonge la Yombo: Nimesoma. "Lend me your charger."
— Sasa tunaelewana. Chaja sina.