Kupiga picha treni ndogo mpaka mtu aulize hapa ni Mazeras ama Mariakani

Picha yangu ya kwanza ya meza ya treni nilimtumia mpwa wangu nikijiona fundi kabisa, jibu likaja fasta: "Mjomba, hii toi umenunua pesa ngapi?" Na hiyo meza nimeijenga miaka, kuna mlima, kuna stesheni, kuna mpaka mama anauza viazi karai kando ya reli. Kumbe meza haikuwa na shida, shida ni pale mimi nilisimama. Nilishika simu kifuani nikapiga kwa juu vile tunapiga wote, na treni ya kweli nani anaiona hivyo, labda uwe kwenye ndege.

Hebu piga hesabu kidogo. Wengi tunatumia kipimo cha HO, yani 1 kwa 87, kila kitu kimepunguzwa mara 87, hapo mtu wa mita 1.7 anatoka sentimita 2 hivi. Basi lenzi nayo ikae sentimita 2 kutoka chini. Sasa simu ukiisimamisha kawaida lenzi iko kule juu, kama sentimita 13, zidisha mara 87 unapata mita 11 na kitu, ni kama umepanda mnazi ndo ukapiga picha. Dawa ni kuigeuza simu kichwa chini, lenzi iguse meza, picha utaizungusha baadaye. Hilo peke yake, wallahi, ni nusu ya kazi. Kama lenzi haifiki katikati ya meza basi jenga kipande kidogo cha ubao, reli futi 2 na nyasi kidogo, unakibeba popote.

Ya pili ni fokasi, na hapa ndo wengi tunaumbuka. Ukienda kusimama kando ya laini pale Changamwe ukipiga treni, injini iko wazi, behewa la mwisho liko wazi, na miti ya nyuma pia. Ukisogeza kamera karibu na kitu kidogo, mbele inakuwa safi nyuma inakuwa uji, na jicho la mtu linajua hapo hapo kwamba hiki ni kidude. Kwa hivyo ile modi ya poteiti ya simu inayofifisha nyuma, izime kabisa. Usisogee sana, rudi nyuma kidogo halafu ukate picha baadaye. Simu kwa hili ina bahati manake sensa yake ni ndogo, inashika mbali na karibu kwa pamoja kuliko kamera kubwa. Mwenye kamera kubwa aweke f/16 (yani tundu la lenzi liwe dogo), ISO 100 (kamera isidake mwanga haraka), shata ikae wazi hata sekunde kadhaa, kamera iwe kwenye stendi ama juu ya mfuko wa mchele, na utumie taima ya sekunde 2 usiiguse kwa kidole. f/22, tundu dogo zaidi, mi siipendi, picha nzima inaanza kulegea. Ikiwa bado haitoshi piga picha kama 10 bila kusogeza kamera, fokasi ukianzia mbele unaipeleka nyuma pole pole, halafu unaziunganisha kwa programu kama Helicon Focus ama Zerene Stacker. Kazi ya kuchosha, lakini ukiona behewa la mwisho linasomeka namba unasahau.

Taa. Jua ni moja, na wewe uwe na taa moja. Nilikuwa na balbu ya sebuleni, taa ya mezani na tochi ya mke wangu, kila behewa likawa na vivuli vitatu kama uwanja wa mpira usiku, na rangi nazo moja njano moja buluu. Zima zote ubaki na moja, iweke mbali mita 2 hivi, manake ikiwa karibu vivuli vinatawanyika. Upande wa kivuli weka karatasi nyeupe irudishe mwanga kidogo. Lakini sisi wa Mombasa ya nini kuhangaika na balbu, toa kile kipande chako nje saa kumi na nusu jioni, jua limelala upande, kivuli cha behewa kinaanguka chini vizuri. Saa sita mchana usijaribu, jua liko utosini. Na ukitoka chumba cha eisii lenzi inashika ukungu, isubiri dakika kadhaa kabla ya kuifuta futa.

Mbingu ya nyuma nilienda kuipiga Mama Ngina, mawingu juu ya bahari, nikapeleka ikachapwe benna. Wakanipa inayong'aa, kila picha inaonyesha taa yangu katikati ya wingu. Omba isiyong'aa, uiweke mbali na reli angalau futi moja, kivuli cha mlima kikianguka juu ya mbingu umeharibu. Na ule mstari ambao mbingu inakutana na ardhi ukae usawa wa lenzi, usipande usishuke.

Halafu uchafu. Kuna uchafu mzuri na mbaya. Mzuri ni ule unaoupaka: reli ubavuni rangi ya kutu ya kahawia, juu pale gurudumu linapita futa ing'ae, plastiki yote ipige vanishi isiyong'aa, chini ya mabehewa unga wa makaa na udongo mwekundu wa Voi uliochujwa kwa chujio la chai. Mchanga wa pwani uoshe kwanza, una chumvi, utakula reli. Mbaya ni vumbi la nyumba. Chembe ya milimita 1 kwenye HO ni jiwe la karibu sentimita 9, na unywele mmoja ukikatiza reli ni kama waya wa stima umeanguka. Pitisha brashi ya kujipodolea, ukiazima rudisha.

Wale mnaopenda laini ya zamani: upana kati ya reli mbili za SGR, ile laini mpya ya Mombasa kwenda Nairobi, ni milimita 1435, gawa kwa 87 unapata 16.5, ndo reli ya HO kamili. Ile ya mkoloni ni mita moja, ilitakiwa reli ya milimita 12 hivi. Ukiwa na injini ya zamani juu ya reli ya 16.5 basi usiipige kwa mbele, upana unakusaliti, piga ubavu na nyasi zifunike mataruma.

Watu wadogo wabandike kwa nta kidogo ya mshumaa, upepo wa jioni unawalaza chini wote. Na kabla hujasogeza chochote kuza picha uikague kona zote, manake ukishagusa hairudi ilivyokuwa. Mi picha yangu nzuri kuliko zote, treni inaingia stesheni, jua la saa kumi na moja, nilishafungasha kila kitu ndo nikaona nyuma ya mlima mkia wa paka umesimama wima.